Desibeli Sita Ni za Nani?

Mpiga gita la solo aliinuka kabla wimbo haujaisha, akaniomba niurudishe hadi pale waimbaji wanaponyamaza na sebene, ile sehemu ya ala tupu, inapoanza. Nikaurudisha. Waimbaji walinyamaza, gita likaingia, ngoma na besi zikashika kasi, na sauti iliyotoka kwenye spika ikawa ndogo kuliko ile ya ubeti uliotangulia. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akanigeukia.

"Kijana wangu, hapa ndipo watu wanapoacha viti vyao. Mbona ndipo wimbo wenyewe unapoketi?"

Rekodi ya benga tuliyokuwa tukiisikiliza ilikuwa ya majaribio, iliyochanganywa katika studio nyingine ya mjini, na bendi ilikuwa imetuletea traki zote, yaani rekodi ya kila ala na kila mwimbaji peke yake, zikiwa mbichi ili tuuchanganye wimbo upya hapa Ngara, Nairobi. Pamoja na traki hizo ulikuja ujumbe wa fundi wa mastaringi, hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo kabla haujatolewa, ambaye walikwisha kukubaliana naye, wenye sharti moja: faili ya mchanganyo iachiwe desibeli 6 za nafasi juu, yaani sauti kubwa kuliko zote ibaki desibeli 6 chini ya sifuri, kiwango cha juu kabisa. Swali la mzee na sharti la fundi vilinifikia siku moja, na kwa majuma kadhaa baadaye, hata nilipokuwa nikishughulikia kazi za watu wengine, sikuweza kufikiria kimoja bila kingine.

Desibeli hizo 6 ni za nani?

## Sharti lisiloulizwa

Kila aliyewahi kupeleka wimbo ukafanyiwe mastaringi ameambiwa aache nafasi. Wengine husema 3, wengine 6, na wenye wasiwasi zaidi husema 10. Nimelisikia sharti hili likitolewa kama amri katika studio za River Road na za Westlands pia, na ni nadra sana kumsikia mtu akieleza ni kitu gani hasa kinachoharibika ikiwa kilele cha mchanganyo kitafika desibeli -2 badala ya -6.

Tukitazama hesabu peke yake, hakuna kinachoharibika. Sifuri ya kidijitali ndiyo dari, na juu yake hakuna namba inayoweza kuandikwa kwenye faili ya kawaida. Chini ya dari hiyo, faili ya biti 24 ina upana wa takriban desibeli 144, kwa kuwa kila biti huleta karibu desibeli 6. Ukiacha desibeli 6 juu umeacha biti moja tu, na zinazobaki zinatosha kubeba ukimya mkubwa kuliko ule wa chumba chochote cha kurekodia jijini Nairobi. Isitoshe, faili ambayo vilele vyake havijakatwa inaweza kushushwa na fundi wa mastaringi kwa desibeli 6, au hata 12, kwa kitendo kimoja kisichopoteza chochote. Ndani ya programu nyingi za kuchanganyia za leo, hesabu hufanywa kwa mfumo wa biti 32 wenye nukta inayoelea, hivyo hata traki ikivuka sifuri njiani haikatwi. Hukatwa pale tu inapotoka, ama kwa kwenda kwenye spika, ama kwa kuandikwa kwenye faili ya biti 16 au 24.

Basi kwa nini fundi aombe 6? Jibu lililonijia kwanza ni kwamba namba hiyo ni rahisi kukaguliwa. Mtu aliyeacha desibeli 6 juu mara nyingi hajaweka limita, kibanio kinachozuia vilele visivuke kiwango fulani, kwenye chaneli kuu zinakokutana traki zote ili kuupandisha wimbo, na kwa hiyo nafasi ile tupu huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba vilele vya asili vingali vipo.

Nikaujaribu ushahidi huo. Nilichukua ile rekodi ya majaribio, iliyokuwa imesukumwa na limita hadi darini, nikaishusha kwa desibeli 6 bila kugusa kitu kingine. Sharti likawa limetimia kikamilifu.

Sebene ikabaki imeketi palepale.

## Mita ilisema sawa, sikio likakataa

Nilipopima, ubeti ulikuwa karibu LUFS -8 na sebene nayo karibu LUFS -8. Kipimo hiki, ambacho ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lilikitoa mwaka 2006 katika pendekezo lake BS.1770, hujaribu kukadiria ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyoupokea, tofauti na mita ya vilele ambayo hutuonyesha tu mahali palipopanda juu zaidi, hata kama pamedumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa mujibu wa mita, basi, sehemu hizo mbili zilikuwa sawa. Kwa sikio la mzee, na kwa langu, ya pili ilikuwa ndogo.

Ilinichukua muda kukubali kwamba vyote viwili vilikuwa vikisema kweli.

Katika ubeti kuna sauti tatu za waimbaji zilizolala juu ya gita la ridhimu. Sauti za watu wanaoimba pamoja zina wastani mkubwa na vilele vya kadiri, na kwa hiyo hupita kwenye limita bila kuumia sana. Sebene ni kinyume chake: gita la solo linadonolewa kwa kasi, besi inatembea, kiki (ngoma kubwa ya mguu) na matasa ya hai-hati havipumziki, na kila pigo lina kilele kirefu kinachofuatwa na mkia mfupi. Limita iliyokwisha kubanwa na ubeti haina pa kuviweka vilele hivyo. Ni matatu iliyojaa hadi mlangoni ikimkaribisha abiria mwingine. Anaingia, lakini kila aliyemo anabanwa. Kila kiki ilipopiga, limita iliteremsha wimbo mzima kwa kitambo kifupi mno, gita likiwemo, na kilichokatwa kwanza ni lile dono la kidole kwenye waya ambalo ndilo linalomfanya msikilizaji ajue kwamba mpigaji ameongeza nguvu. Wastani ulibaki ule ule. Nguvu ya vidole haikubaki.

Nadhani chanzo cha tabia hii ya kuusukuma wimbo hadi darini ni cha zamani kuliko sisi tunaoiendeleza. Mita ya VU, iliyosanifishwa Marekani mwaka 1939, ilikuwa na sindano iliyohitaji takriban milisekunde 300 kufika mahali pake, na kwa hiyo haikuona kabisa dono la gita wala mchakacho wa kayamba. Fundi wa siku hizo alijua kwamba juu ya sindano kulikuwa na vilele visivyoonekana, akaviachia nafasi. Utepe nao ulikuwa na mvumo wake chini, ukamlazimu asirekodi kwa sauti ndogo sana, na ulipozidiwa ulivilainisha vilele polepole. Ikaja enzi ya biti 16, yenye upana wa desibeli 96 tu, na ushauri wa kurekodi juu kadiri inavyowezekana ukaendelea kuwa na maana. Leo tunarekodi kwa biti 24, hatuna mvumo wa kukimbia, na dari ya kidijitali hailainishi chochote, lakini ushauri ule ungali unarithishwa studioni kwa vijana ambao hawajawahi kuugusa utepe.

## Pande mbili za santuri

Kilichonisaidia kulielewa swali vizuri zaidi hakikuwa mita. Ni santuri za zamani za mizunguko 45.

Anayezikumbuka, au anayezikusanya, anajua kwamba nyimbo nyingi za benga na rumba za Afrika Mashariki ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mara nyingi hadithi ilisimuliwa upande wa kwanza, na magita yakaachiwa uwanja upande wa pili. Msikilizaji aliinuka, akaigeuza santuri, akairudisha sindano, na sebene ikamkuta akiwa tayari amesimama. Mchongaji wa santuri aliweza kuupa kila upande kiwango chake. Alibanwa hasa na kanuni moja ya kimaumbile, kwamba sauti kubwa huhitaji mfereji mpana na hivyo hula muda wa upande huo.

Faili ya leo haina upande wa pili. Ubeti na sebene vinakaa chini ya dari moja, ndani ya mstari mmoja usiokatika, na hakuna mkono wa msikilizaji unaoingia katikati. Ikiwa ubeti umeshaigusa dari, sebene haina mahali pa kwenda. Hilo linaonekana dogo likiandikwa, ila kwa muziki uliojengwa juu ya kupanda, ndilo jambo lenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba nafasi ile tuliyokuwa tukimwachia fundi wa mastaringi haikuwa yake.

## Kuanzia mahali penye sauti kubwa zaidi

Desturi ya wachanganyaji wengi, na yangu pia kwa miaka mingi, ni kuanzia mwanzo wa wimbo: kiki kwanza, besi, kisha magita, kisha waimbaji. Desturi hiyo haina ubaya katika wimbo ambao kiitikio chake hakipishani sana na ubeti. Katika benga hii niliamua kuanzia sebene, nikazungusha dakika yenye joto zaidi, na kuipanga hiyo kabla sijamsikiliza mwimbaji yeyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa geini, yaani ukubwa wa sauti inapoingia kwenye traki. Kila traki niliipima ikiwa peke yake na kuishusha hadi wastani wake ukawa karibu desibeli -18. Namba hiyo ina sababu mbili. Plagini nyingi (programu ndogo za kuchakata sauti) zilizoigizwa kutoka kwa mitambo ya zamani zimepangwa ili desibeli -18 ya kidijitali ilingane na sifuri ya VU, na zikilishwa sauti kubwa zaidi huanza kukoleza na kubana hata pale ambapo hukutaka. Sababu ya pili ni jumla. Sauti mbili zinazofanana kabisa zikijumlishwa hupanda kwa desibeli 6. Mbili zisizohusiana, zenye ukubwa mmoja, hupanda kwa 3. Traki 16 zisizohusiana, zote zikiwa na wastani mmoja, hupandisha jumla kwa desibeli 12. Maana yake ni kwamba traki 16 za wastani wa -18 zinaweza kuileta chaneli kuu kwenye wastani wa -6, na hapo vilele vimeshaivuka dari kitambo. Kwa hiyo -18 ni mahali pa kuanzia tu, na traki nyingi huishia chini zaidi.

Inafaa pia kutofautisha geini na kitelezi, kile cha kupandisha na kushusha sauti inayotoka kwenye traki, jambo ambalo huleta mabishano kila siku. Kompresa iliyo kwenye traki, chombo cha kubana sauti inapozidi, huona sauti baada ya geini na kabla ya kitelezi. Ukishusha geini ya gita kwa desibeli 4, umebadilisha pia jinsi kompresa inavyofanya kazi. Ukishusha kitelezi, umebadilisha ukubwa peke yake. Mchanganyo ukiwa tayari umekaa vizuri lakini uko juu mno, vitelezi vyote vishushwe kwa pamoja, au plagini ya geini iwekwe mwanzoni mwa chaneli kuu ikiwa chaneli hiyo haina kompresa inayoitegemea. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka geini iwe sawa mapema: kitelezi kilicho karibu na sifuri hukupa mabadiliko ya nusu desibeli kwa msogeo mdogo wa kidole, ilhali kilichozama chini kabisa huruka desibeli kadhaa kwa msogeo ule ule.

Nilipomaliza sebene, vilele vyake vilikuwa vinafika karibu desibeli -4. Limita haikuwepo. Kisha nikarudi kwenye ubeti bila kugusa kitelezi chochote cha ala, nikaongeza waimbaji, na kuwapandisha hadi maneno yakasikika yote. Ubeti ukajikuta vilele vyake viko kwenye -8 au -9. Sikuwa nimeupangia namba hiyo. Wapigaji wenyewe ndio waliopiga kwa sauti ya chini zaidi waimbaji walipokuwa wakiimba, kama wanavyofanya jukwaani, na tofauti hiyo ilikuwa imo kwenye traki mbichi tangu mwanzo.

Mpiga nyatiti hujua jambo hili bila mita. Anaimba, anadonoa nyuzi nane, anagonga ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, na kutikisa njuga mguuni, yote kwa mwili mmoja. Akitaka nyuzi zisikike, hupunguza koo. Hakuna anayekuja baadaye kumsawazishia.

## Sauti ya mwimbaji na gita linalojibu

Sehemu iliyonisumbua kuliko zote haikuhusu dari wala jumla, na haina kanuni.

Ushauri mwingi tunaousoma na kuutazama umeandikwa kwa ajili ya muziki ambao mwimbaji ni mfalme na ala ni watumishi. Umweke mwimbaji mbele, kisha ujaze nyuma yake. Nilipoufuata katika wimbo huu, maneno yalisikika kwa uwazi wa ajabu, na wimbo ukawa mtu anayesimulia huku bendi ikipita barabara ya mbali. Katika benga, gita la solo humjibu mwimbaji mwisho wa kila mstari, na jibu hilo lisipokuwa na uzito karibu sawa na swali, mazungumzo yamekatika. Besi nayo haishiki tu sauti ya msingi. Ina wimbo wake, na wachezaji huifuata kwa miguu.

Nilijaribu kumshusha mwimbaji kwa desibeli 2, na mara maneno ya Kijaluo yakaanza kuzama kwenye gita la ridhimu. Nikamshusha kwa 1 tu, nikapunguza ridhimu kidogo katika eneo la kilohezi 2 hadi 3 ambako konsonanti huishi, nikapata nafuu. Kisha nikagundua kwamba kiwango kimoja kisichobadilika hakiwezi kumtosha mwimbaji na solo kwa pamoja. Mwisho wa kila mstari nilichora msogeo mdogo: solo inapanda desibeli 1.5 pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kurudi chini anaporejea. Kazi hiyo ni ya kuchosha, inafanywa mstari kwa mstari, na mtu asiyeijua atadhani hakuna kilichofanywa. Kwa maoni yangu, huko ndiko kupanga viwango. Hayo mengine, geini na dari na nafasi, ni kuandaa uwanja ili kazi hii iwezekane.

## Kitasa cha spika

Siku bendi iliporudi kusikiliza, niliwachezea kwanza rekodi ya majaribio, kisha mchanganyo mpya, kwa kitasa kilekile cha spika. Sura zao zilibadilika, na si kwa furaha. Mchanganyo mpya ulikuwa chini kwa takriban desibeli 10 za wastani, na yeyote anayepigiwa wimbo kwa sauti ndogo baada ya mkubwa atasema ule mdogo umepoa. Tofauti ya desibeli 1 tu hutosha kumfanya msikilizaji aipende iliyo kubwa bila kujua kwa nini.

Nikaishusha rekodi ya majaribio hadi wastani wa ubeti wa zote mbili ukalingana, nikapandisha kitasa, nikaanza tena. Sasa ubeti ulifanana. Sebene ilipoingia kwenye mchanganyo mpya, mpiga besi alitazama spika kana kwamba mtu ameongeza sauti, na mkono wangu ulikuwa magotini.

Jambo hili lina msingi wake. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi sawasawa katika viwango vyote. Sauti ikiwa ndogo, besi na sehemu za juu kabisa hupungua zaidi kuliko sauti za kati. Mtu anayechanganya kwa sauti ndogo ataongeza besi kupita kiasi, na anayechanganya kwa sauti kubwa ataipunguza. Anayepandisha na kushusha kitasa siku nzima hajui tena anachokisikia. Mwaka 2000 Bob Katz alipendekeza mfumo unaofunga mita kwenye ukubwa halisi wa spika chumbani, kwa desibeli 83 kwa kila spika. Hicho ni kiwango cha chumba kikubwa. Katika vyumba vyetu vidogo vya ghorofani, vyenye kuta za zege zinazotazamana na besi inayojikusanya pembeni, karibu 75 inatosha na inalinda masikio. Nimebandika alama ya kiwango hicho kwenye kitasa changu. Kitasa kikiwa hapo, mchanganyo unaosikika wa kutosha hujikuta wenyewe ukiwa na nafasi juu, bila mtu kuhesabu 6 wala 3, kwa sababu sikio linalosikia vya kutosha haliombi kitelezi kipandishwe.

Tangu hapo nimelitazama sharti la fundi kwa heshima zaidi. Sharti lile ni dalili ya studio ambayo kitasa chake kilikuwa mahali pake.

## Vipi kuhusu matatu?

Bado kuna hoja ambayo sikutaka kuikwepa, na mpiga ngoma ndiye aliyeitoa. Wimbo huu utapigwa kwenye matatu. Utapigwa baada ya gengetoni, muziki wa vijana wa mjini, iliyobanwa hadi haina vilele. Je, hautasikika mnyonge?

Upande wa mitandao, hesabu iko wazi. Spotify hulenga LUFS -14 kwa mpangilio wake wa kawaida, YouTube hushusha nyimbo zinazozidi kiwango kama hicho, na Apple Music hulenga -16. Rekodi ya majaribio ya LUFS -8 ikipandishwa Spotify hushushwa kwa desibeli 6.

Desibeli 6 zilezile.

Zile zilizonyang'anywa sebene ili wimbo uwe mkubwa, mtambo huzichukua na kuziacha tupu juu ya wimbo, mahali ambapo vilele vya gita vingeweza kukaa. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilikasirika kweli, kwa niaba ya mtu aliyecheza.

Ndani ya matatu hali ni nyingine, kwa kuwa flashi zinakopigwa nyimbo humo haina mtambo wa kusawazisha. Hapo wimbo uliobanwa utaanza kwa sauti kubwa zaidi, na sitadai vinginevyo. Hata hivyo dijei ana kitasa cha geini kwa kila chaneli, na anayeijua kazi yake hukigusa kabla wimbo haujaingia. Redio nazo zina vibanio vyao vinavyobana kila kinachopita, na wimbo ambao tayari umebanwa hutoka huko ukiwa umechakaa mara mbili. Nikamwambia mpiga ngoma kwamba tunaweza kufika LUFS -11 kwa wimbo mzima, ubeti ukiwa karibu -13 na sebene karibu -10. Hautakuwa mkubwa kuliko jirani yake kwenye flashi. Utakuwa na kitu ambacho jirani huyo hana, yaani mahali unapopanda.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama 3 zinatosha. Nilimchezea tena mpito ule kwa tofauti ya 2, 3 na 4. Kwa 4, ubeti ulipotea tulipofungua dirisha la upande wa barabara. Tukabaki na 3.

## Faili inayotoka

Nimemtumia fundi wa mastaringi faili ya biti 24, vilele kwenye -4, bila limita. Hazikutimia desibeli 6, na nimemweleza sababu: kilele hicho ni cha sebene, ubeti uko chini zaidi, na tofauti hiyo ni ya makusudi, hivyo asiisawazishe. Kompresa laini niliyoiweka kwenye chaneli kuu nimeiacha, kwa kuwa mizani yote ya ala ilipangwa ikiwa inafanya kazi. Nimemwekea pia nakala ya pili yenye limita, kwa kusikiliza tu, ili ajue ni ukubwa gani bendi imezoea kuusikia kwenye simu zao.

Alijibu kwamba -4 haina shida yoyote. Alipendekeza atengeneze masta mbili, moja ya mitandao na nyingine, iliyobanwa zaidi, ya flashi na matatu. Pendekezo hilo lina busara yake, na bendi ilielekea kulikubali. Nimewashauri wachukue moja. Madijei wengi wa matatu hawangoji faili kutoka kwa bendi; huupakua wimbo kutoka YouTube usiku ule ule unaotoka, na masta ya flashi ingebaki kwenye kompyuta yangu hapa Ngara. Fundi anaendelea na moja, ya LUFS -11, na swali pekee alilobaki nalo ni kama hai-hati ishushwe nusu desibeli pale sebene inapoanza.